Magurudumu Yaliyofungwa Uani

Kibiti, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Hamisi,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua, maana nikizitanguliza nitaanza kulia, na wino wenyewe nimeuazima kwa Bwana Jivan. Wewe umekwenda Bungu kumuaga bibi yako, nami namjua bibi yako, hamwachii mtu aondoke kwake kabla hajala mara mbili. Kwa hiyo ninao muda. Nimekaa uani kwenye kigoda. Baiskeli yako nimeipindua mbele yangu, na hizi herufi ni zile za Kiarabu nilizofundishwa chuoni, kwa sababu hizo zenu za skuli zinanichosha mkono. Lori la Dar es Salaam linaondoka kesho alfajiri.

Sitakuandikia habari za kufua nguo wala za kuchagua marafiki. Umekua. Utafua, na usipofua utanuka mwenyewe. Nina jambo moja tu la kusema, nalo ni magurudumu. Cheka ukitaka, lakini soma. Unakwenda kubeba mikate ya watu kila siku katika mji wa lami na mashimo, na magurudumu unayokwenda nayo hayatakuhimili. Yatavunjika, Hamisi. Sisemi labda. Nami sina uwezo wa kukuzuia, na hilo ndilo linalonikosesha raha tangu juzi, wala si safari yako.

Baba yako mdogo alipoyaleta juzi kutoka mjini, yanang'aa hata kuku wakaja kujitazama, mimi nilifurahi, wallahi. Amekutafutia kazi kwenye tanuri la mikate, amekupa pa kulala nyumbani kwake, na juu ya hayo akakuletea magurudumu ya fasheni, mepesi, spoku chache na nyembamba, kama ya vijana wanaoshindana mbio siku ya sikukuu. Basi nikayatazama, kisha nikayatazama yale meusi niliyokufungia mimi, spoku kwa spoku, yameegemea ukutani tangu mwezi wa Shaabani yakikungoja. Nikasema kwa adabu zote kwamba haya mapya ni ya mtu asiye na mzigo, na mtoto atabeba kasha zima nyuma, kwa hiyo shemeji amruhusu aende na yale mazito. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alicheka tu akasema, "Shemeji, mambo ya baiskeli tuachie wanaume. Wewe mfungie mtoto maandazi ya njiani."

Nawe ulikuwepo. Ulikuwa unakula. Uliinua uso ukanitazama, halafu ukaitazama sahani yako, ukaendelea kula.

Siku ile usiku wote nilikuwa na hasira nawe. Nilikuita majina moyoni mwangu ambayo mama hamwiti mwanawe. Niliona kwamba ungeweza kusema neno moja, moja tu, kwa sababu baada ya marehemu baba yako hakuna aliyebaki katika ukoo anayeijua kazi ya mikono yangu ila wewe. Bwana Jivan anajua, lakini yeye ni jirani na mwenye duka, hawezi kuingilia mambo ya nyumba ya watu. Ukanyamaza. Baadaye hasira ikanishuka, nikaanza kukumbuka, na nilipokumbuka nikaona kwamba kunyamaza huko nilikufundisha mwenyewe. Ndiyo sababu nakuandikia.

Wewe ulizaliwa baba yako akiwa fundi mashuhuri. Alikaa barazani pa duka la Bwana Jivan na baiskeli zilitoka Umwe, zilitoka Utete kwa makarani wa Bwana DC, zilitoka kule chini Nyamisati kwa wabeba kamba wakavu. Usilolijua vizuri ni namna macho yake yalivyopotea. Hayakupotea siku moja. Alianza kusema kuna moshi, nami nikamwambia hakuna moshi. Kisha akawa anaitia spoku upande ambao si wake, anaitoa, anaitia tena, na jasho linamtoka. Siku moja alikuja na gurudumu la mteja uani, akaliweka mapajani mwangu pale nilipokuwa napepeta mchele, akaniambia, "Mama Hamisi, niangalizie. Linacheza kushoto au kulia?" Nikamwambia kulia. Akanipa kile kispana kidogo cha spoku. Tangu siku hiyo sikukirudisha.

Yeye alibaki na masikio. Alikuwa anazigonga spoku kwa ukucha, moja baada ya moja, na kila moja ina sauti yake. Iliyolegea inanguruma, iliyokazwa sana inalia nyembamba. Ananiambia hii, ongeza, hii, punguza, nami nafuata, nimeshika kijiti cha kiberiti karibu na ringi ili nione inapogusa. Kazi ikimalizika analichukua gurudumu, anatoka nalo barazani, na mteja anamsifu. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi. Gurudumu lilipitishwa mlangoni likiwa bovu, likatolewa mlangoni likiwa zima, na mlango wenyewe una pazia. Hakuna mtu wa Kibiti angempa mwanamke baiskeli yake aitengeneze, na hakuna angempa kipofu. Basi tulifanya mtu mmoja mzima kwa watu wawili.

Sikuona vibaya. Usije ukadhani nilionewa. Nilipenda ile kazi. Nilipenda pale ringi inapoacha kuyumba ikatulia, unaizungusha na kijiti hakigusi popote, na baba yako anatabasamu kwa sababu amesikia kwamba hakikugusa.

Lakini wewe ulikuwa mtoto mwenye mdomo. Alikuja mzee mmoja wa Umwe, akalisifu gurudumu lake, nawe umekaa miguuni pa baba yako unachezea kengele, ukasema kwamba aliyelifunga ni mama. Watu walicheka. Baba yako naye akacheka, akasema mtoto anampenda mama yake. Mimi nikakuita ndani, nikakufinya paja mpaka ukapiga kelele, nikakwambia ukilisema tena neno lile baba yako atakosa wateja na sisi tutakosa chakula. Hukulisema tena. Hata alipokufa, hata juzi mbele ya baba yako mdogo, hukulisema. Nilitaka utii, nikaupata, sasa umenirudia mimi. Nimlaumu nani?

Sasa nikueleze kwa nini nayaogopa magurudumu mabovu kwenye lami, mimi ambaye lami yenyewe sijaiona. Usije ukadhani ni hofu ya mama tu.

Unamjua Rajabu wa Nyamisati, yule mwenye mkono usionyooka. Alikuwa mteja wetu. Kule delta, mto unapomwagika baharini, maji makubwa ya bamvua yakija yanafunika njia, watu wanasukuma baiskeli katika maji ya chumvi na matope ya mikoko, na kutu inakula spoku pale inapoingia kwenye ringi, usipopaona. Watu wa kule walikuwa na dawa yao. Wanachukua sifa, yale mafuta ya ini la papa wanayopaka vyombo vyao vya baharini, wanapaka gurudumu zima, linanuka kama bandarini lakini halishiki kutu. Nami nikajifunza kwao. Nikawa naizamisha kila spoku kwenye sifa kabla ya kuifunga, na vile vikofia vinavyoibana kwenye ringi navyo naviloweka. Watu wa delta walitusifu sana. Walisema magurudumu ya fundi wa Kibiti hayaozi.

Rajabu akaenda Dar es Salaam na magurudumu yale, kubeba masanduku ya soda. Tukakaa. Siku moja nikasikia sauti yake barazani, ya chini sana, na nikasikia chuma kinawekwa sakafuni. Nikachungulia kwenye pazia. Mkono ulikuwa umefungwa na gurudumu limekunjika, na spoku zimetoka kila upande. Alimweleza baba yako bila ugomvi wowote. Alisema, "Mzee, mchanga wa kwetu unalimeza pigo. Lami inakurudishia." Anapita juu ya mashimo na mawe mchana kutwa, baiskeli inatetemeka haiachi, na vile vikofia kwa kuwa vimelowa mafuta vikawa vinajifungua vyenyewe, kidogo kidogo, naye hajui. Alipofika penye reli, na mzigo umejaa, gurudumu likakunjika chini yake.

Baba yako aliomba radhi. Aliomba radhi mbele ya watu wote pale barazani, mtu mzima, kipofu, kwa kazi ya mikono yangu. Akasema macho yamemdanganya. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nimelishika kwa mikono miwili. Nilitaka kutoka, Hamisi. Nilijua nikitoka nimemvua nguo mbele za watu, na nisipotoka nimemtwisha kosa langu. Nikabaki pale pale mpaka Rajabu akaondoka. Jioni nikaokota lile gurudumu, nikavigeuza vile vikofia kwa vidole vitupu, bila spana, vikazunguka kama vifungo vya kanzu. Baba yako alisikia. Akaniambia, "Sasa umejua. Mtu akikwambia anakwenda mjini, mfungie kavu." Hakunilaumu mpaka anakufa.

Ndiyo maana ya yale meusi. Niliposikia tu kwamba baba yako mdogo anakutafutia kazi, nilikwenda kwa Bwana Jivan, nikamwomba anifungulie lile boksi la spoku nene. Alikaa pembeni akaniacha nichague moja moja, nikizibingirisha juu ya kaunta kuona iliyopinda. Hakuniuliza za nani. Ringi nilichukua ile nzito ya chuma, ya rangi nyeusi, ambayo vijana hamuitaki. Nilizifuta spoku kwa majivu mpaka hazina hata alama ya mafuta. Nikazifunga zikipishana zaidi ya kawaida, na kila zinapopishana nikazizungushia waya mwembamba ili ikipigwa moja isaidiwe na mwenzake. Nikazibana mbilimbili kwa viganja, nikalilaza gurudumu chini nikalikanyaga kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaujua. Likilegea nalikaza, nalikanyaga tena. Nilikuwa nikizigonga kwa ukucha mwenyewe, maana wa kunisikilizia hayupo. Wewe ulikuwa unapita na kuniuliza mama unahangaika na nini, nami nasema niache.

Na bado sijui, ujue hivyo. Nimefunga kwa ajili ya barabara niliyohadithiwa na mtu aliyevunjika mkono. Sijapanda baiskeli maishani mwangu. Sijui mzigo unavyomvuta mtu kwenye kona, wala hilo pigo la lami likoje mwilini. Ila najua yale meusi ndiyo mwisho wa ujuzi wangu.

Jana asubuhi nilikufuata kisimani. Sikukufuata kugombana, ingawa sauti yangu ilisikika mpaka kwa Bwana Jivan. Nilikuambia uyachukue meusi, haya ya kung'aa uyaache. Ukatua ndoo. Nilidhani utanijibu kwa kiburi cha vijana, kwamba meusi ni ya kubebea nazi, kama ulivyosema siku ya kwanza ulipoyaona. Lakini ulisema polepole, "Mama, najua yako ni bora. Nikiyakataa ya baba mdogo, nitaingia nyumbani kwake kwa uso gani?"

Nimelitafuta jibu tangu jana na sijalipata hadi sasa. Utakula kwake. Utalala kwake. Kazi ni ya mkono wake. Alikupa zawadi mbele ya watu, na kuiacha Kibiti ni kumtemea mate usoni. Ungemwambia nini? Kwamba mama anasema hayafai? Mama gani, huyu wa maandazi? Angecheka tena, na safari hii angekucheka wewe. Baba yako angekuwa hai angesema neno moja tu na mambo yangekwisha, na neno lenyewe lingekuwa langu. Mimi hapa mzima, na ninajua, na neno langu halina mlango wa kutokea. Nilijifungia mwenyewe uani kwa mapenzi, Hamisi, na leo ninapokuhitaji unisikie mbele ya watu, hakuna anayenijua.

Ulipoondoka leo kwenda Bungu nilifanya jambo. Niliyatoa ya kung'aa, nikayatia meusi kwenye baiskeli yako. Nilikaza kila kitu. Nikaizungusha, ikaenda kimya, ikakaa muda mrefu inazunguka, nami nimesimama naitazama na machozi yananitoka kwa furaha, mama yako mjinga. Nikawaza nitaifunika kwa turubai kwenye lori, utaona ukifika. Kisha nikawaza ukishafika. Baba yako mdogo amekwisha kurudi mjini, yupo anakungoja. Utateremsha baiskeli mbele yake. Nikakuona umesimama pale huna la kusema, kama nilivyosimama mimi nyuma ya pazia. Nikayatoa tena.

Basi nimeyachukua haya uliyoyachagua, maana haya ndiyo utakayopanda. Nimeyafungua spoku moja moja. Yule aliyeyafunga alikuwa na haraka ya kuuza. Nyingine zilikuwa zimelegea kabisa, na mafuta yamejaa. Nimezifuta zote kwa majivu. Nilijaribu kuzitumia spoku zangu nene, lakini matundu ya ringi hizi ni madogo, hazipiti. Nikarudisha zile zile nyembamba, nikazipishanisha vizuri, nikazikaza. La mbele limekubali. La nyuma, ambalo ndilo la mzigo, nilikuwa nalikaza naona linakwenda vizuri, mara nikaona bati la ringi penye tundu moja linaanza kunyanyuka, kidogo tu, kama ngozi inapotaka kutoa jipu. Nikaacha. Nikairudisha nyuma ile spoku mpaka bati likatulia. Halijafika ninapotaka, wala sithubutu kuongeza. Limenionyesha mwisho wake hapa uani bila mzigo, bila lami, bila reli.

Nimeyatia kwenye baiskeli. Yamenyooka na yanapendeza, na baba yako mdogo atafurahi. Ukifika usimwambie kwamba yalifunguliwa. Meusi nimeyafunga kwa gunia, Bwana Jivan amekubali kuniwekea ghalani. Ukiyataka, mwambie dereva yeyote wa lori anayepita Kibiti, sitauliza lolote wala sitasema nilikuambia. Lakini najua hutayaagiza mpaka limekupata jambo, na ndilo ninaloliogopa. Nimekaa hapa nikitafuta kitu kingine cha kufanya kwa mikono yangu na sioni kilichobaki. Kwa hiyo nakuomba.

Ile spoku ya gurudumu la nyuma niliyoilegeza nimeitia alama ya chaki, iko karibu na mdomo wa kupulizia upepo. Hiyo ndiyo itakayoanza. Utasikia kitu kinalia chini yako, sauti ndogo tu, utadhani ni changarawe. Labda siku hiyo kasha limejaa, mwenye tanuri anakungoja, na nyuma yako motokaa inakupigia honi. Shuka. Usiseme namalizia barabara hii tu. Shuka hapo hapo, uisukume kwa miguu, mikate ichelewe, watu wakucheke, na ukifukuzwa kazi rudi nyumbani, sitakuuliza. Na akitokea mtu kukuuliza nani kakwambia gurudumu limekwisha na wakati linaonekana zima, sema ni fundi aliyelifunga. Akikuuliza fundi gani, Hamisi, safari hii usinyamaze. Nitaje.

Salamu zangu ndizo hizi: nenda na Mungu, na mpe baba yako mdogo heshima yake yote. Nakusikia unapiga hodi, na bila shaka bibi yako amekujaza mihogo. Naacha kuandika, nije nikupokee.

Mama yako,
Zena binti Salehe